Kituo cha Msafiri

Jumamosi moja tulitoka Muleba kwa gari lenye vitanda na jiko ndani yake, tukaipita Izigo na migomba yake, tukalala Bukoba karibu na ufuko. Hapo nilimkumbuka msafiri mwingine. Mwezi wa Aprili 1890 Emin Pasha, Mjerumani aliyejitwalia jina la Kiislamu, aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa. Kabla ya mwaka kwisha akapiga kambi hapa kando ya Ziwa Viktoria, akajenga kituo. Mapema mwaka 1891 alishika njia ya magharibi pamoja na Daktari Stuhlmann, na mwaka 1892 akauawa huko Kongo. Kituo kilibaki mikononi mwa Langheld.

Vitabu husema kwamba Emin ndiye aliyeuasisi mji. Mimi nasita. Msafara ule haukuweza kubeba chakula cha miezi yote hiyo, wala sioni ungalilishwa na nini ila migomba ya Wahaya, ambao falme zao zilikuwapo kabla ya hema la kwanza kusimamishwa.

Sisi nasi, gesi ilipotuishia Jumapili jioni, tulinunua ndizi zilizopikwa kwa mama mmoja njiani. Hakutuuliza majina yetu, wala sisi hatukumwuliza lake.