Vigango Vilivyovushwa Bahari

Huku kwetu Giriama, pwani ya Kenya, mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali, alipofariki, mazishi hayakuwa mwisho wa shughuli. Miaka ilipita, kisha mtoto akaugua au marehemu akamjia mtu ndotoni, na mganga akasema koma, yaani roho ya marehemu, anadai mahali pake. Hapo aliitwa fundi achonge ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa na mchwa: kichwa cha duara, mwili umejaa pembetatu. Ubao huo ndio kigango; ukasimikwa, mbuzi akachinjwa, mnazi ukamwagwa chini. Hiyo ilikuwa heshima ya wenye mali. Babu yangu alisimikiwa kikoma tu, kigingi kifupi kisicho na nakshi, na mbele yake tulinyamaza vilevile.

Kigango hakihamishwi. Ukoo ukihamia shamba jipya, chenyewe hubaki hadi kioze. Wezi walifaidi desturi hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 wauza vinyago walipata wateja wa ng'ambo, na vijana waliobanwa na shida waling'oa vigango usiku. Naona uchungu kuandika hivi, kwa kuwa walikuwa vijana wetu.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Aliporudi kumletea picha yake, alimkuta mzee akilalamikia wizi: vyote viwili vimeondoka. Miaka mingi baadaye mtafiti mwenzake, Linda Giles, alionyesha picha ya kigango kilichokuwa Marekani, na Udvardy akakitambua kuwa kimojawapo cha vile viwili. Wakishirikiana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha makala mwaka 2003 juu ya biashara hiyo. Walikuwa wamekuta vigango karibu 300 katika makumbusho 19 ya Marekani. Cha pili nacho kilipopatikana, vyote viwili vilirudishwa kwa familia mwaka 2007, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki.

Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Lakini hivyo havikuwa na picha kama ile ya 1985. Nani alichongewa kipi, na kiling'olewa kwa nani? Nawasihi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani waende kwa wazee wa Kaloleni na Ganze sasa, waandike majina ya waliosimikiwa, mmoja mmoja, na nyumba walizotoka.