Robert Wangila na Ulingo wa Pili

Katika nchi ya Waisukha na Waidakho, karibu na mji wa Kakamega, uko mchezo wa kale ambao wageni huushangaa. Asubuhi na mapema ngoma ya isukuti hulia njiani, na watu hufuatana na fahali wao mpaka uwanjani, pengine Khayega, pengine Shinyalu au Malinya. Huko fahali wawili hukutanishwa uso kwa uso, pembe kwa pembe, nao husukumana huku vumbi likipanda na mashabiki wakipiga mbinja. Hakuna kengele, wala hakuna hesabu ya pointi. Yule ageuzaye mgongo na kukimbia ndiye aliyeshindwa, na papo hapo pambano limekwisha. Mwenye fahali huyo aweza kuona haya siku hiyo, lakini aghalabu mnyama wake hurudi malishoni akiwa hai.

Mwanadamu apiganapo kwa mchezo hana ruhusa hiyo. Akigeuza mgongo huitwa mwoga, na jina la mwoga ni mzigo ambao kijana mwenye nguvu hapendi kuubeba. Kwa sababu hiyo watu wameweka kengele, mwamuzi, daktari na sheria, ili vitu hivyo vimwamuru kuacha wakati ambapo moyo wake mwenyewe wakataa. Lakini sheria za ulingo mmoja si sheria za ulingo mwingine. Mtu ahamapo huchukua nguvu zake, ujuzi wake na ushujaa wake. Kinga ya ulingo wa kwanza huiacha nyuma. Insha hii yaeleza habari za Mkenya mmoja ambaye alihama hivyo, akiwa mshindi wa dunia nzima, na gharama aliyoilipa.

Vijana wa leo wanazijua safari za namna hii kwa habari za Israel Adesanya. Huyu alizaliwa Lagos mwaka 1989, akakulia New Zealand, na kwa miaka mingi alikuwa mpiganaji wa ngumi na mateke. Katika mchezo ule, mtu aangukapo huhesabiwa, na mwenzake hungoja mpaka asimame. Baadaye Adesanya aliingia katika mapigano ya mseto, ambamo kuanguka si mwisho wa jambo: mpinzani aweza kumfuata mtu mpaka chini, akamkalia, akampiga au akamkaba. Mwaka 2018 alianza kupigana katika shirika la UFC, na Oktoba 2019 alimshinda Robert Whittaker mjini Melbourne akawa bingwa wa uzito wa kati. Lakini Machi 2021 alipopanda uzito kupigana na Jan Błachowicz wa Poland, aliangushwa na kushikwa chini katika raundi za mwisho, akashindwa kwa pointi. Ulingo mpya ulimtoza kodi yake. Kwetu Kenya funzo hilo lilipatikana zamani zaidi, nalo lilikuwa chungu zaidi.

Bondia wa Kenya wa siku zile alikuwa na milingo miwili mbele yake. Wa kwanza ni ule wa ngumi za ridhaa, ambao watu hupigana kwa heshima ya klabu, ya jimbo na ya taifa. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988, pambano la ridhaa lilikuwa la raundi tatu tu, kila moja dakika tatu, na mabondia walivaa kofia za kukinga kichwa. Wa pili ni ulingo wa ngumi za kulipwa. Humo kichwa ki wazi, raundi zaweza kufika 10 au 12, na mtu hulipwa fedha kwa kila pambano. Jina la mchezo ni lile lile, na uzito wa mwili ni ule ule. Lakini mwendo wa dakika tisa na mwendo wa dakika 30 si safari moja.

Kabla ya Wangila, Wakenya wengine mashuhuri walikwisha kuvuka daraja hilo. Philip Waruinge alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akatunukiwa pia Kombe la Val Barker kwa ufundi wake, ingawa hakuwa mshindi wa kwanza. Mwaka 1972 mjini Munich alipata medali ya fedha. Kisha alikwenda Japani kupigana kwa malipo, na mwaka 1976 huko Panama aliwania ubingwa wa dunia dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 mjini Belgrade. Naye akahamia ngumi za kulipwa, na mwaka 1982 mjini Copenhagen alipigana na Santos Laciar wa Argentina kwa ajili ya ubingwa wa dunia. Alistahimili mpaka raundi ya 13, na hapo pambano likamshinda. Msomaji na aizingatie hesabu hiyo: raundi 13, kwa mtu aliyejifunza kazi yake katika pambano la raundi tatu.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Jina lake lenyewe ni la Magharibi ya Kenya. Mtu akiita "Wangila" sokoni Bungoma, jirani na Kakamega, hataitikiwa na mtu mmoja tu. Alipokuwa akikua, timu ya ngumi ya Kenya ilikuwa na sifa kubwa katika Afrika. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika Nairobi, na Wangila, mbele ya watu wa mji wake, alinyakua medali ya dhahabu katika uzito wa welter. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda Seoul, nchini Korea Kusini.

Wenye kujua mchezo hawakumtaja miongoni mwa wale watakaoshangiliwa. Lakini ngumi yake ilikuwa nzito, naye alikuwa na utulivu wa mtu asiyekuwa na haraka. Aliwapita wapinzani mmoja baada ya mwingine. Katika nusu fainali Jan Dydak wa Poland hakuweza kupanda ulingoni kwa sababu ya kuumia, na Wangila akapita bila kurusha ngumi. Basi katika fainali alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, ambaye baadaye, mwaka 1996, alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha, na Boudouani hakuweza kuendelea.

Ushindi huo ulikuwa na thamani ya pekee kwa sababu katika michezo ile ile waamuzi walilaumiwa sana. Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini wazi wazi, lakini kura za majaji zikampa Park dhahabu, na dunia ikanung'unika. Ushindi wa Wangila haukuhitaji kura ya mtu. Siku zile hizo Mkenya mwenzake, Chris Sande, alipata medali ya shaba katika uzito wa kati. Wangila alikuwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi, na mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipomalizika, alikuwa bado ni yeye peke yake.

Hapo ndipo swali kubwa la maisha yake lilipomfikia. Medali ni heshima, lakini heshima haijazi chungu. Kijana wa miaka 21, mwenye ngumi iliyoitikisa dunia, afanye nini na ngumi hiyo? Mwenye sauti nzuri huimba, na mwenye miguu myepesi hukimbia. Wangila alikuwa na mikono yake. Mwaka 1989 alianza kupigana kwa malipo huko Marekani. Tusimhukumu kwa uamuzi huo. Fundi aliyekwisha kuonyesha kazi yake bure kwa miaka mingi ana haki ya kutaka ujira, na Boudouani aliyeshindwa naye Seoul alifuata njia ile ile akafika kileleni.

Katika ulingo wa pili, Wangila hakuwa mtu dhaifu. Mpaka mwisho wa kazi yake alikuwa ameshinda mapambano 22 na kushindwa matano. Lakini ubingwa wa dunia haukumjia. Kila mara alipokaribia mlango mkubwa, mtu mwingine alikuwa amesimama mlangoni. Miaka ikapita, naye akaendelea kupigana.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni kupambana na David Gonzalez. Pambano lilifika raundi ya tisa. Katika raundi hiyo Wangila alipigwa mapigo mengi mfululizo, na mwamuzi, Joe Cortez, akaingia kati na kulisimamisha. Wangila alikasirika. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, na kwa maoni yake alikuwa bado na uwezo wa kupigana, kwa hiyo alilalamika kwamba amedhulumiwa. Akarudi katika chumba cha kubadilishia nguo akiwa na uchungu wa mtu aliyenyang'anywa haki. Muda si mrefu baadaye alianguka humo chumbani na kupoteza fahamu. Alipelekwa hospitali, na madaktari wakampasua kichwa, lakini hakuamka tena. Alikufa tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26.

Yafaa tufahamu jambo hilo hutokeaje, kwa kuwa ndilo kiini cha habari hii. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini kilivyo ndani ya yai. Ngumi nzito ikitikisa kichwa, mishipa midogo ya damu iliyo baina ya ubongo na fuvu yaweza kukatika. Damu huanza kuvuja, pengine polepole, nayo haina mahali pa kutokea. Kwa dakika kadhaa mtu aweza kusimama, kutembea, kusema na hata kugombana, huku damu ikijikusanya na kuubana ubongo. Kwa hiyo Wangila aliposema kwamba aweza kuendelea, hakusema uongo. Alisema alichokisikia mwilini mwake, lakini mwili wake ulikuwa bado haujampa habari kamili. Katika saa hiyo, mtu aliye nje ya pambano huona lisiloonekana na mwenye kupigana.

Wengine husema kwamba lau angalivaa ile kofia ya Seoul, angaliishi. Jambo hilo si rahisi hivyo. Kofia huzuia michubuko na kupasuka kwa ngozi kuliko inavyozuia mtikisiko wa ubongo, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mabondia wanaume walipigana bila kofia. Kinga kubwa ya ulingo wa kwanza ilikuwa uchache wa raundi na wepesi wa mwamuzi kusimamisha. Wakuu wa ngumi za kulipwa nao walikwisha kujifunza sehemu ya somo hilo. Novemba 1982, katika mji ule ule wa Las Vegas, Duk-koo Kim wa Korea Kusini alipigwa na Ray Mancini mpaka raundi ya 14, akafa siku chache baadaye. Baada ya msiba huo mapambano ya ubingwa yalipunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Hiyo ilikuwa sheria ya hekima. Hata hivyo Wangila hakufika raundi ya 12. Tisa zilitosha kumwua.

Basi tuseme nini juu ya maisha yake? Si kweli kwamba alikuwa mjinga kwa kuhama, wala si kweli kwamba mwamuzi alimdhulumu. Twaona wazi kwamba yule mtu aliyemkasirisha Wangila usiku ule ndiye aliyekuwa akijaribu kumwokoa, ingawa alikuwa amechelewa kwa kiasi ambacho hakuna jicho la binadamu lingeweza kukipima. Mara nyingi tunamsifu shujaa kwa kuwa hakukubali kuacha, nasi tunamzomea mwamuzi kwa kuwa ameharibu tamasha. Sifa hizo na zomea hizo zina uzito wake, maana mpiganaji huzisikia, na mwamuzi huzisikia pia.

Miongoni mwa wasomaji wa insha hii wako watakaopiga ngumi, watakaopiga mateke na watakaoingia katika mapigano ya mseto. Tena wako wengi zaidi watakaohama kwa namna nyingine, kutoka kijijini hadi mjini, au kutoka shuleni hadi kazini. Kila mmoja wao na aulize mapema: huko niendako, ni nani mwenye mamlaka ya kuniambia "Basi"? Nami nitamsikiliza? Fahali wa Khayega hana haja ya swali hilo, kwa kuwa ajua mwenyewe saa ya kugeuka, wala hajali kicheko cha watu. Robert Wangila alikuwa na moyo mkubwa kuliko huo, na Kenya yamkumbuka kwa dhahabu ya Seoul. Inafaa imkumbuke pia kwa yale malalamiko yake ya mwisho, alipokuwa amesimama wima ulingoni, akidai haki ya kuendelea.