Mazuku: Neno la Goma Katika Vitabu vya Sayansi

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala husikia mara nyingi kwamba lugha hii hukopa tu istilahi za sayansi. Neno mazuku lakanusha. Katika upande wa magharibi wa milima tuiitayo Mufumbiro, kandokando ya Goma na ziwa Kivu, mazuku ni upepo mbaya uuao bila moto wala kishindo. Wataalamu wa volkeno walilichukua neno hilo jinsi lilivyo, nalo limo katika maandishi yao ya Kifaransa na ya Kiingereza.

Wenyeji hawakukosea. Karibu na Nyiragongo na Nyamulagira hewa ya ukaa hupenya katika nyufa za ardhi. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, basi hutuama mabondeni mfano wa maji, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Aliyesimama huenda akapita salama. Mbuzi, mtoto mdogo na aliyelala chini hawainuki tena. (Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, hewa hiyo hiyo ilifumka kutoka ziwa Nyos, ikaua watu zaidi ya 1,700.)

Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walipiga kambi Mugunga, magharibi ya Goma, juu ya lava kuukuu, katika nchi ya mazuku. Walilala chini. Wengi wao Kiswahili hawakukijua, na neno lililokuwa onyo kwa wenyeji, kwao lilikuwa sauti tupu.