Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la kiroho lililozuka ndani ya Kanisa la Anglikana nchini Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha likaenea Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake Uganda huitwa Balokole, yaani waliookoka. Kwingineko hujulikana zaidi kama ndugu, au watu wa Uamsho. Halikuanzisha dhehebu wala halikuwa na daftari la wanachama. Lilicholeta ni namna ya kumlea mfuasi wa Kristo: hakulelewa kwa mafundisho ya ubatizo peke yake, alilelewa na wenzake waliomjua kwa undani na waliokuwa na ruhusa ya kumuuliza lolote.

Chimbuko lake hutajwa kuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, palipokuwa na hospitali ya wamisionari Waingereza. Mwaka 1929, baada ya njaa kali kulikumba eneo hilo, daktari Joe Church alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi serikalini. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu wakitafuta kitu kimoja, jambo lisilo la kawaida katika misheni za wakati ule. Nsibambi baadaye aliacha kazi, akawa mhubiri wa kutembea pekupeku. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Wito wake wa kulitaka kanisa liamke ulisikika zaidi baada ya kifo chake kuliko alipokuwa hai.

Kisa cha Yosiya Kinuka chaonyesha vizuri mambo yalivyokwenda. Alikuwa mkubwa wa wahudumu wa hospitali ya Gahini, na alifika kwa Nsibambi na malalamiko tele juu ya hali ya kituo chao. Nsibambi hakuyachambua malalamiko hayo. Alimgeuzia swali: huenda shida ya hospitali iko ndani ya moyo wako mwenyewe. Kinuka alikasirika, lakini njiani kurudi akasalimu amri, na alipofika akaanza kutengeneza mambo yake na wale aliofanya nao kazi. Malezi yote ya Uamsho yalifuata mkondo huo. Anayekuja kumshitaki mwenzake huondoka ameshitakiwa na dhamiri yake.

Kitovu cha maisha ya ndugu ni ushirika, mkutano wa kila wiki unaofanyika kanisani, nyumbani au chini ya mti. Mtu husimama, husalimia kwa "Bwana asifiwe", kisha hutoa ushuhuda: si tu siku aliyookoka, bali wiki hii amekwama wapi. Amemjibu mkewe vibaya. Amedanganya kuhusu nauli. Wenzake humpokea kwa wimbo, hasa "Tukutendereza Yesu", ambao huimbwa kwa Kiganda hata na wasiojua Kiganda. Hiyo ndiyo huitwa kutembea nuruni, kwa kufuata waraka wa kwanza wa Yohana. Na toba haiishii kwenye maneno. Aliyeiba hurudisha, wapo waliobeba shuka za hospitali, vyombo vya mwajiri au fedha za karo wakavipeleka kwa wenyewe, wakiwaacha vinywa wazi. Mambo makubwa kama uchumba au ununuzi wa kiwanja nayo huwekwa nuruni, wazee wa ushirika wayatazame.

Desturi hiyo iligusa pia uhusiano wa Waafrika na Wazungu. Mmisionari aliyetubu kiburi chake mbele ya mpishi wake hakuweza tena kumwamuru kama jana. Si wakubwa wote waliofurahia. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo, walioendelea kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri baada ya kukatazwa. Hata hivyo ndugu walio wengi walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana, na uamuzi huo ndio uliolipa kanisa lenyewe maaskofu wake wa baadaye.

Kenya ilifikiwa mwaka 1937 kwa mkutano wa Kabete. Upande wa Tanganyika, Uamsho uliingia Bukoba, ukawakuta Walutheri. Mmoja wa walioukumbatia, Josiah Kibira, alikuja kuwa askofu na rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya serikali ya kikoloni, ndugu wengi Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na baadhi walikataa pia bunduki za serikali. Wakaonekana wasaliti na pande zote mbili, na wengine wakauawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin. Rafiki yake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbilia uhamishoni na mwaka huohuo akachapisha kitabu juu ya kumpenda Amin, jambo lisilomezwa kirahisi.

Malezi ya namna hii yana hatari yake. Nuru ya ushirika huweza kugeuka kurunzi ya kumulikana: nani amevaa nini, nani amekopa. Suala la madeni ndilo lililochangia kuwatenga Bazukufu, kundi la ndugu nchini Uganda waliotaka ukali zaidi. Lawama nzito zaidi inahusu Rwanda. Ushirika ulizoea kuungama wizi, uzinzi na hasira. Chuki ya kikabila iliyojengwa na siasa haikupata nafasi ya kutosha kwenye benchi la toba. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wapo ndugu waliokufa wakiwaficha majirani zao, lakini nchi iliyojaa makanisa haikuzuia mauaji, na makanisa yalitumika kama machinjio.

Leo ushirika unaendelea katika dayosisi nyingi, ingawa wengi wa wahudhuriaji ni wazee, na Kabale, Uganda, huandaa mikutano mikubwa ya kumbukumbu. Vijana wengi wameelekea makanisa ya Kipentekoste, ambako salamu na ushuhuda vya Uamsho vimehamia pamoja nao. Kuungama mbele ya watu wanaokufahamu, hilo halikuhama kwa kiasi kilekile.