Takometa kwenye pikipiki ya mizigo: inalipa au ni pambo?

Takometa, ambayo mafundi wengi huiita saa ya RPM, ni kipimo kinachoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Pikipiki nyingi za Kichina za muundo wa CG huja nayo kutoka kiwandani, ikiwa pembeni ya mita ya spidi. Bajaj Boxer 100, mojawapo ya pikipiki zinazotumika sana kwa bodaboda Afrika Mashariki, huja na mita ya spidi na geji ya mafuta tu. Ndiyo maana wamiliki wa pikipiki zinazovusha mizigo mipakani huuliza kama inafaa kuongeza takometa.

Ieleweke kwanza kuwa takometa haiongezi nguvu, na yenyewe haipunguzi matumizi ya mafuta. Kazi yake ni kumpa dereva taarifa. Iwapo taarifa hiyo anaipata kwa njia nyingine, fedha iliyotumika haitarudi.

Namba zinasema nini

Injini ya cc 100 hadi 150 ikiwa imewashwa bila gia na bila kuvutwa mafuta, kwa kawaida huzunguka kati ya mara 1,300 na 1,500 kwa dakika. Nguvu yake kubwa kabisa hupatikana kati ya mizunguko 7,000 na 8,500, kutegemea aina. Nguvu ya kuvuta mzigo hufikia kilele mapema zaidi, kwenye mizunguko 4,500 hadi 6,500.

Hasara hutokea pande zote mbili. Injini ikizidishiwa mizunguko kwa muda mrefu, ringi, valvu na cheni ya taiming huchakaa haraka. Ikibebeshwa mzigo mzito kwenye gia kubwa huku mizunguko ikiwa midogo, hugonga na kupata joto. Wakati huo pampu ya oili nayo huzunguka polepole, na upepo wa kupoza injini ni mdogo kwa sababu mwendo ni mdogo. Mizigo ya mipakani huharibu injini zaidi kwa njia hii ya pili, ingawa madereva wengi huogopa ile ya kwanza tu.

Mita ya spidi inaweza kutosha

Pikipiki ikiwa kwenye gia na klachi haitelezi, mwendo na mizunguko ya injini huenda sambamba. Tairi la nyuma la 3.00-17 husafiri takriban mita 1.8 kila linapozunguka mara moja. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki husafiri mita 1,000 kwa dakika, na tairi huzunguka kama mara 556. Iwapo kwenye gia ya mwisho injini huzunguka mara 9 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, hapo injini iko kwenye mizunguko 5,000. Kwa mwendo huohuo kwenye gia ndogo yenye uwiano wa 12, mizunguko hufika takriban 6,670.

Hivyo, mwenye mita ya spidi inayofanya kazi anaweza kumwomba fundi apige hesabu hiyo mara moja, kisha aweke alama za rangi kwenye kioo cha mita kuonyesha mwendo wa chini na wa juu wa kila gia. Baadhi ya pikipiki hutoka kiwandani zikiwa na alama za namna hiyo. Kwa dereva wa njia tambarare, mfano eneo la Busia, alama hizo zinatosha. Sproketi zikibadilishwa, hesabu ipigwe upya.

Pale ambapo takometa inalipa

Kwanza ni kwenye milima mirefu. Kabale, Uganda, jirani na mpaka wa Katuna, iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini za kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo huko pikipiki inafanya kazi ikiwa na pungufu ya takriban moja ya tano. Dereva aliyezoea sauti ya injini tambarare hukawia kupunguza gia. Mshale ukishuka chini ya 4,000 huku mkono wa mafuta umevutwa mpaka mwisho, hiyo ni dalili ya kupunguza gia.

Pili ni kwa pikipiki za magurudumu matatu zinazobeba mizigo, ambazo hupanda kwa gia ndogo muda mrefu na kelele zake huficha sauti ya injini. Tatu ni kwa injini iliyobadilishwa pistoni na ringi, katika kilomita za mwanzo ambazo fundi amekataza mizunguko mikubwa.

Nne ni kwa mwenye pikipiki kadhaa zinazoendeshwa na watu mbalimbali. Takometa nyingi za dijitali huhifadhi kiwango cha juu kilichofikiwa, na baadhi huhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Hesabu ya saa ina thamani kubwa mipakani. Pikipiki inayoachwa ikiunguruma kwenye foleni haiongezi kilomita, lakini oili inachakaa. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa, kilomita 3,000 ni saa 100 za injini; wastani ukishuka hadi 20, kilomita hizohizo ni saa 150.

Aina na ufungaji

Takometa ya kebo huzungushwa na injini moja kwa moja, na hufungwa tu kwenye injini yenye tundu lake. Ya umeme hupata umeme wa volti 12 na kusoma mapigo ya mfumo wa plagi. Aina ya tatu ina betri yake ndogo, na waya wake huzungushwa mara 4 au 5 juu ya waya wa plagi. Hii ya tatu ni rahisi kufunga na haikati nyaya za pikipiki.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kununua kifaa cha gari la silinda nne. Kifaa hicho hutarajia mapigo mawili kwa kila mzunguko, lakini pikipiki nyingi za silinda moja zenye CDI hutoa pigo moja, hivyo kitasoma nusu ya mizunguko halisi. La pili ni kuunganisha waya wa mapigo wa kifaa cha volti 12 moja kwa moja kwenye waya wa CDI kwenda koili, ambao hubeba mapigo ya zaidi ya volti 100. Kifaa kinaweza kuungua. La tatu ni kuchukua umeme bila fyuzi au mahali ambapo swichi haizimi, na betri huisha usiku. Kwa pikipiki iliyo kwenye udhamini, wakala aulizwe kabla ya kukata waya wowote.

Kwa wauzaji wa vipuri

Mnunuzi wa jumla akague kama kifaa kinakubali kupangwa kwa mapigo (1P1R ni pigo moja kwa mzunguko mmoja, 1P2R ni pigo moja kwa mizunguko miwili) na kama kinahimili maji. Aidha, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Takometa iliyotengenezwa China au India haihesabiki humo, hata kama imenunuliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Risiti na nyaraka za forodha zitunzwe.

Uamuzi

Dereva mmoja wa njia tambarare, mwenye mita ya spidi nzima, hana haja ya takometa. Kikundi cha madereva kinaweza kununua moja ya kuzungushia waya wa plagi, ikatumika kwa fundi kupima na kurekebisha pikipiki zote. Anayepandisha mizigo milimani kila siku, au anayemkabidhi mtu mwingine pikipiki yake, alinganishe bei ya kifaa na gharama ya kufungua injini mara moja pamoja na siku ambazo pikipiki italala gereji. Kwake yeye, takometa yenye hesabu ya saa ndiyo ya kununua.