Sarafu za Kumbukumbu za Historia ya Utengenezaji wa Magari

Sarafu ya kumbukumbu ni sarafu inayotolewa na serikali ili kuadhimisha mtu, tukio au mafanikio fulani. Ni fedha halali, na kwa kawaida ina jina la nchi na thamani iliyoandikwa juu yake, lakini mara nyingi ni nadra kuikuta dukani au mkononi mwa kondakta. Wanaoinunua huinunua ili waihifadhi. Medali ni kitu kingine: kampuni yoyote ya magari inaweza kuagiza medali ya kujisifia, ila sarafu haitoki bila idhini ya dola. Kwa hiyo taifa linapoipa historia ya magari nafasi kwenye sarafu yake, linatangaza rasmi ni lipi katika historia hiyo linalostahili heshima. Ujerumani, Marekani na Australia zimefanya hivyo, na kila moja ilichagua njia yake.

Ujerumani: heshima kwa uvumbuzi

Tarehe 29 Januari 1886, Carl Benz wa mji wa Mannheim aliwasilisha ombi la hataza ya gari linaloendeshwa kwa injini ya gesi. Hataza hiyo, namba 37435, ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa cheti cha kuzaliwa cha gari. Chombo chenyewe kilikuwa na magurudumu matatu na injini ya silinda moja isiyofikia nguvu ya farasi mmoja. Mwaka 2011, gari lilipotimiza miaka 125, Ujerumani ilitoa sarafu ya euro 10 ya kuadhimisha tukio hilo, na mwaka huohuo UNESCO iliiingiza hataza ya Benz katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mwaka 2011 ulileta badiliko jingine. Bei ya madini ya fedha ilikuwa imepanda mno, hata ikahofiwa kwamba madini yaliyomo kwenye sarafu yangekuwa ghali kuliko euro 10 zilizoandikwa juu yake. Hivyo sarafu za kawaida za thamani hiyo zikaanza kutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, na zile za kung'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji zikapunguziwa fedha hadi sehemu 625 kwa kila 1,000. Aidha, sarafu hizi za euro 10 ni fedha halali ndani ya Ujerumani tu. Mwenye kuzipeleka Ufaransa au Italia hawezi kulipia nazo, ingawa nchi hizo nazo zinatumia euro.

Anayeadhimisha hataza anamwadhimisha mvumbuzi. Lakini hataza ni karatasi, na gari halikuaminiwa kwa karatasi. Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa Carl, aliondoka Mannheim na wanawe wawili, Eugen na Richard, akaendesha gari hilo hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilometa 100 kwa kwenda tu. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini katika duka la dawa mjini Wiesloch. Safari hiyo iliwaonyesha watu kwamba chombo kile kilikuwa na kazi ya kufanya duniani, na ni sehemu ya historia ambayo tarehe ya hataza peke yake haiwezi kuieleza.

Marekani: heshima kwa kazi

Marekani ilipita njia tofauti. Sheria iliyotiwa saini Julai 2018 iliagiza kila jimbo, Wilaya ya Columbia na maeneo 5 ya ng'ambo yapewe sarafu ya dola 1 inayoonyesha uvumbuzi au wavumbuzi wa mahali hapo: sarafu 56 kwa jumla, 4 kila mwaka kuanzia 2019. Sheria hiyo imekataza picha ya kichwa na mabega ya mtu yeyote, awe hai au marehemu, upande wa nyuma wa sarafu. Kwa sharti hilo, wabunifu hawana budi kutafuta namna ya kuonyesha kazi yenyewe badala ya sura ya mtu maarufu.

Indiana ilipata sarafu ya sekta ya magari mwaka 2023. Michigan ilipata yake mwaka 2025, na kilichoheshimiwa humo si kampuni wala aina ya gari, bali ni mstari wa kuunganisha magari. Uchaguzi huo una msingi imara. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, huko Michigan, fundi mmoja alikuwa akichukua takriban dakika 20 kuunganisha magineto, kifaa cha kuipa injini umeme wa cheche. Kazi hiyo ilipogawanywa kwa watu 29, kila mmoja akiwa na hatua yake na kifaa kikisogezwa mbele yake, muda ulishuka hadi dakika 13 na sekunde 10, na baada ya marekebisho ukafika dakika 5. Mpango huo ukahamishiwa kwenye chesi nzima, yaani fremu ya gari na mitambo yake: kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Bei ya Model T, gari la Ford, ikashuka, na kufikia 1927 magari milioni 15 ya aina hiyo yalikuwa yametengenezwa.

Gharama yake waliilipa wafanyakazi. Kurudia tendo moja kutwa nzima kuliwachosha, wakaacha kazi kwa wingi, na Januari 1914 kampuni ikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya maradufu ya ujira wa awali. Sarafu inayotaja mstari huo inawakumbuka pia watu waliosimama pembeni yake.

Ukiishika mkononi, sarafu hii ya dola ni ya rangi ya dhahabu ingawa haina dhahabu: asilimia 88.5 ni shaba, na iliyobaki ni zinki, manganizi na nikeli. Ina kipenyo cha milimita 26.5 na uzito wa gramu 8.1. Mbele kuna Sanamu ya Uhuru na alama ndogo ya gurudumu la meno, ishara ya viwanda. Mwaka haumo usoni. Umechongwa kwenye ukingo, pamoja na alama ya kiwanda cha sarafu.

Australia: heshima wakati wa kuaga

Australia iliweka kumbukumbu wakati sekta yake inafungwa. Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme cha nchi hiyo kilitoa sarafu za senti 50 zenye picha za rangi za magari ya Holden mwaka 2016, kisha za Ford za Australia mwaka 2017. Ford ilikuwa imeacha kutengeneza magari nchini humo Oktoba 2016. Holden, iliyozindua gari lake la kwanza mwaka 1948, ilifunga kiwanda chake cha eneo la Elizabeth tarehe 20 Oktoba 2017. Kufungwa kwa kiwanda nako ni hatua ya historia, na kunastahili kuandikwa.

Kutoka mchoro hadi sarafu

Nchini Marekani, michoro hupitiwa na tume ya sanaa na kamati ya ushauri ya raia, gavana wa jimbo akashauriwa, na neno la mwisho likawa la Waziri wa Fedha. Mchongaji huunda umbo la mchoro kwa mkono au kwa kompyuta. Umbo hilo huchongwa kwenye kalibu mama ya chuma cha pua kwa udogo wa sarafu yenyewe, na kutokana na kalibu mama hiyo hupatikana kalibu za kugongea, ambazo picha zake zimegeuzwa ndani nje.

Visahani vya madini hukatwa kutoka kwenye bamba, hupashwa moto ili vilainike, huoshwa, kisha huinuliwa ukingo. Hatimaye kisahani huwekwa kati ya kalibu mbili ndani ya pete na kugongwa kwa nguvu kubwa. Zile za wakusanyaji hugongwa zaidi ya mara moja kwa kalibu zilizong'arishwa, hivyo uwanja wa sarafu humeta kama kioo na picha hubaki na weupe wa ukungu. Milango na boneti za magari nazo hupatikana kwa kukandamiza bamba kati ya kalibu, kwa hiyo mfanyakazi wa kiwanda cha magari angeielewa kazi hii mara moja.

Thamani yake

Bei ya sarafu sokoni hutegemea mambo matatu: idadi iliyotolewa, hali yake na madini yaliyomo. Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba ina jina la nchi na thamani. Bila hivyo huenda ni medali tu, hata kama inameta. Aishike kwa ukingo, na asiisugue, kwa kuwa kuisugua huharibu uso wake na kushusha bei.

Zaidi ya bei, kuna kipimo cha haki. Gari halikutoka mikononi mwa mtu mmoja: lina mvumbuzi wake, lina mwanamke aliyelijaribu barabarani, na lina maelfu waliokaza boliti kutwa. Sarafu ya Michigan imefanya vyema kuliko nyingine kwa kuiheshimu kazi ya wengi, na nchi itakayofuata ifanye vivyo hivyo: ianze na wafanyakazi, ndipo ifike kwenye nembo ya kampuni.