Safari za mtumbwi katika maeneo ya hifadhi Tanzania

Safari ya mtumbwi ni safari ya majini inayofanywa kwa chombo kidogo kinachoendeshwa kwa kafi, kasia au pondo badala ya injini. Nchini Tanzania safari za namna hii hufanyika katika baadhi ya mito na maziwa yaliyomo ndani au kando ya maeneo ya hifadhi. Kwa kuwa chombo hakina mngurumo, msafiri huwakaribia wanyama na ndege kuliko akiwa ndani ya gari. Ukaribu huohuo waweza kuleta hatari kwa mtu na usumbufu kwa mnyama, ndiyo maana safari hizi zina taratibu zake.

Vyombo

Mtumbwi wa asili huchongwa kutoka gogo moja la mti. Penye kina kifupi huendeshwa kwa pondo, yaani mti mrefu unaosukumwa dhidi ya sakafu ya mto. Penye kina kirefu hutumika kafi, ambayo hushikwa kwa mikono bila kuegemezwa. Kasia hutofautiana na kafi kwa sababu huegemezwa ubavuni mwa chombo. Watalii hutumia zaidi mitumbwi ya fibaglasi au plastiki, pamoja na kayaki, chombo chembamba chenye asili ya watu wa Aktiki ambacho kafi yake ina bapa pande zote mbili.

Maeneo

* Hifadhi ya Taifa ya Arusha: safari za mtumbwi hufanyika katika Ziwa Momella Ndogo, zikiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye silaha.
* Hifadhi ya Taifa ya Saadani: ilitangazwa mwaka 2005 na inapakana na Bahari ya Hindi. Mlango wa Mto Wami una mikoko, viboko, mamba na ndege wengi. Hapa safari huwa za boti ya injini.
* Hifadhi ya Taifa ya Nyerere: ilianzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Kwa wingi wa viboko na mamba wa Mto Rufiji, wageni hutembezwa kwa boti.
* Mto Pangani: sehemu ya chini, karibu na mji wa Pangani, hupita kati ya mikoko na minazi. Haimo katika hifadhi ya taifa, lakini ina mamba.

Wanyama na namna ya kupita

Kiboko hukaa majini mchana na kutoka usiku kula nyasi. Akishtuka hukimbilia maji ya kina, na chombo kikiwa kati yake na kina hicho, huweza kukishambulia. Kwa hiyo waongozaji hupita upande wa maji mafupi, humwachia mnyama mkondo wenye kina, na hugonga ubavu wa chombo ili ajue mapema kwamba watu wanakuja.

Mamba wa Naili hufukia mayai yake mchangani na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mama akifukuzwa kiotani na kelele au watu wanaoshuka ufukweni, kenge hupata nafasi ya kuyafukua. Baadhi ya ndege nao hutaga juu ya mchanga mtupu maji yanapopungua wakati wa kiangazi, na keremkerem huchimba matundu katika kingo za udongo. Ukingo unaoonekana kuwa mahali pazuri pa kupumzikia huenda ndio kiota chenyewe.

Taratibu za kawaida ni hizi:

* kusafiri na mwongozaji anayeufahamu mto na kuvaa jaketi la kujiokolea;
* kutolisha wanyama, kutowazingira wala kuwafukuza kwa ajili ya picha;
* kutoshuka kwenye visiwa vya mchanga bila ruhusa ya mwongozaji;
* kutokata mikoko na kurudi na taka zote;
* kuepuka kuoga au kunywa maji ya mto, kwa ajili ya mamba na pia kichocho.

Soni na mito ya Usambara

Soni ni mji mdogo katika Wilaya ya Lushoto, kando ya barabara ya Mombo–Lushoto. Unajulikana kwa maporomoko yake yanayoonekana kutoka barabarani. Mto wa hapa una mawe mengi na hushuka kwa kasi katika bonde la Bangala, hivyo haufai kwa mtumbwi. Hata hivyo maji yake yana safari ndefu: hufika Mombo, ambako humwagilia mashamba ya mpunga, huingia Mto Mkomazi, na kupitia huo hufika Mto Pangani na bahari.

Kwa sababu hiyo hali ya mto huko chini hutegemea pia yanayofanyika milimani. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya miteremko hupunguza kina cha mito na kuchafua maji. Mradi wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, ulianza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mabonde membamba ya Usambara mita 60 zaweza kuwa shamba lote la familia, kwa hiyo utekelezaji wake ni mgumu. Mkulima huombwa kuacha ardhi yenye rutuba kuliko zote, ilhali faida ya maji safi huonekana mbali na kwake. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ndiyo yenye jukumu la kusimamia maji ya bonde zima.

Tazama pia

* Mto Pangani
* Mto Wami
* Milima ya Usambara
* Orodha ya hifadhi za taifa za Tanzania